Mtoto wa siku 47, leo siku ya sita hajenda choo. Mama mkwe ameshachonga sabuni

Babake Sumayya (Wete)

Asalam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada, na naomba wa haraka, kwani hapa nyumbani kuna kipande cha sabuni kimeshachongwa kinangoja tumalize kuswali Isha.

Binti yetu ni wa kwanza, ana siku 47. Alizaliwa na kilo 3.1, na Jumanne hii kliniki alipimwa kilo 4.5. Ananyonya maziwa ya mama yake tu. Hajaonja maji wala kitu chengine chochote, hilo tulikubaliana mimi na mke wangu tangu mimba. Arobaini tuliitolea Konde kwa wakwe, kisha tukarudi Wete, na mama mkwe akaja nasi akae kidogo amsaidie mwanawe.

Kazi yangu ni ya mizani. Msimu wa karafuu napima magunia kutwa nzima na kuandika, na nikirudi nyumbani mkono bado unataka kalamu. Basi tangu siku ya kwanza nina daftari la skuli nimelipiga mistari: kanyonya saa ngapi, kakojoa mara ngapi, kapata choo mara ngapi na rangi gani. Siku ya kwanza kilikuja cheusi kinanata kama lami, tukampangusa kwa pamba na mafuta ya nazi, na lile winda hatukulifua, tulilitupa. Siku ya tatu kikawa kijani cha kisamvu. Siku ya tano manjano, na tangu hapo manjano hayohayo, kama mchuzi wa bizari wenye vichembe mfano wa ufuta. Mara tano kwa siku, mara sita, siku moja mara tisa. Kila akishika ziwa, chini kunajibu.

Jumapili iliyopita kapata mara mbili. Jumatatu mara moja. Jumanne nikaandika sifuri, Jumatano sifuri, na leo Jumapili ni sifuri ya sita. Sijawahi kuona sifuri sita zikapangana.

Kinachotutisha ni magharibi. Ikifika saa 12 jioni anaiva uso, anakunja miguu mpaka magoti yanagusa tumbo, anaguna kama mtu mzima aliyebeba gunia, analia robo saa nzima. Kisha anatoa upepo wenye harufu nzito, analala. Kesho yake hivyohivyo.

Mama mkwe amelea watoto saba na wote wako wazima, simdharau hata kidogo. Anasema choo kikilala tumboni kinageuka sumu na kinapanda kichwani. Amechonga sabuni ya kufulia nyembamba kama njiti ya kiberiti, ameitia mafuta, anataka amtie mtoto kwa nyuma. Ikishindikana, ana sanamaki, majani ya kuharisha, ameiroweka. Jirani naye kasema sababu ni pweza aliyekula mama wiki iliyopita. Mke wangu analia chumbani, anasema maziwa yake mazito yamemziba mtoto. Mimi nimeingiwa na jengine: Jumanne hiyohiyo alipewa sindano na matone ya mdomoni, na sifuri zimeanza siku hiyo. Yawezekana ni chanjo?

Nimemwomba mama mkwe asubiri nusu saa niulize watu. Anayejua anijibu, wallahi sijui nimpeleke hospitali usiku huu au nikae.

Ummu Ahlam (Chake Chake)

Waaleikum salaam kaka. Zuia hiyo sabuni kwanza, mengine baadaye.

Mwanangu wa kwanza nilimtia. Niliambiwa na watu wazima, nami nilikuwa na miaka 20, nikaona wao ndio wanaojua. Choo kilitoka, kweli, dakika hiyohiyo. Tukashangilia. Siku ya tatu tukamtia tena, na tena. Wiki ya pili nikafungua winda nikaona uzi wa damu. Nilikimbia naye hospitali miguu haigusi chini. Daktari akaangalia akaniambia damu ni ya pale mlangoni pa haja, ngozi imebabuka kwa sabuni, tumbo halina kitu. Sabuni ya kufulia inakula mikono ya mtu mzima anayefua kutwa, seuze nyama laini ya ndani ya kichanga.

Wa tatu, Ahlam, alikaa siku tisa akiwa na miezi miwili. Siku ya tisa kilipita winda, kikapita kanga, kikafika kwenye mkeka. Laini, manjano, wala hakulia. Msubiri Bi Mkunga, huwa anaingia humu baada ya Isha.

Bi Mkunga (Mkoani)

Waaleikum salaam mwanangu. Nimestaafu lakini miaka 31 nimekaa wodi ya wazazi na kliniki ya watoto, na swali hili nimeulizwa na akina baba wachache mno. Mungu akujaalie kwa hilo daftari, kwani limeshajibu nusu ya swali lako.

Kabla sijaeleza, fanya haya sasa hivi. Weka kiganja juu ya tumbo la mtoto akiwa hajalia. Ukibonyeza kidogo, lazima liwe laini kama unga wa maandazi uliokwisha kuumuka. Likiwa gumu limewamba kama ngoma, uniambie. Angalia daftari amekojoa mara ngapi tangu asubuhi. Niambie kama ametapika, na kama ametapika ni rangi gani. Niambie ananyonyaje: kwa nguvu kama kawaida yake, au anashika ziwa na kulegea. Na kile choo cha mwisho cha Jumatatu kilikuwa laini au vidonge?

Nikingoja majibu, nikueleze kinachopita humo ndani, na mama mkwe umsomee.

Kile cheusi cha siku ya kwanza ni mkusanyiko wa alivyovimeza tumboni mwa mama: maji ya uzazi, chembe za ngozi, vinyweleo vya malaika vilivyompukutika mwilini, na nyongo iliyokipa weusi ule. Kinatakiwa kianze kutoka ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita hakijatoka, hapo hakuna kungoja wala dawa ya nyumbani, mtoto anapelekwa hospitali, kwani huenda njia haikufunguka au utumbo una sehemu isiyosukuma. Wako kilitoka siku yake. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, ndiyo yanayokifagia. Dang'a lina kazi ya kulainisha tumbo, na ndiyo maana tunapiga kelele lisikamuliwe likamwagwa.

Ikafika wiki ya sita. Maziwa yameshakomaa, dang'a limeondoka, na utumbo wa mtoto umejifunza kazi. Sasa anayavuta maziwa karibu yote yakaingia mwilini. Mwanangu, maziwa ya mama hayana machicha. Ukikamua nazi unabaki na machicha ya kutupa. Hapa kinachobaki ni kidogo sana, na kinakaa siku nyingi mpaka kipate wingi wa kusukumwa nje. Ndiyo maana mtoto wa wiki sita kwenda mbele anayenyonya ziwa tu anaweza kukaa siku saba, hata kumi, akatoa choo laini akaendelea na maisha yake. Mwengine wa umri huohuo anapata kila akinyonya. Wote wawili wazima. Wako amehama tu kutoka kundi moja kwenda jengine, na watoto wengi huhama wiki hizihizi, ambazo ndizo pia wiki za chanjo ya kwanza na ndizo arobaini inatoka. Kwa hiyo watu hulaumu chanjo, au hulaumu kutoka nje. Katika matone aliyopewa yamo ya kumkinga na ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na virusi vya rota, atapewa tena wiki ya 10. Hayazibi choo.

Hebu tazama mizani, wewe ndiyo kazi yako. Kilo 3.1 mpaka 4.5 kwa siku 42 ni gramu 1,400, yaani zaidi ya gramu 30 kwa siku. Sisi mtoto wa umri huu akiongeza 20 mpaka 30 tunamshukuru Mungu. Mwambie mkeo maziwa yake hayakumziba mtu. Asilimia 87 hivi ya hayo maziwa ni maji, na ndiyo maana hata joto la Wete halimlazimishi mtoto kupewa maji.

Sasa magharibi. Mtu mzima akitaka choo, anasukuma kwa tumbo na huku nyuma analegeza. Hatukuzaliwa na ujuzi huo. Kichanga anasukuma na palepale anabana, kama mtu anayesukuma mlango huku mwenyewe ameushika kitasa. Anaiva, anaguna, analia, na hicho kilio ndicho kinachompa nguvu ya kusukuma. Unaona robo saa ya mateso, kisha kinatoka choo laini kabisa, au upepo tu. Kufunga choo siko huko. Anajifunza, na wiki chache atajua mwenyewe. Sabuni inamharibia somo: inamzoesha angoje kuchokonolewa kwa nje ndipo afungue. Na huo upepo una sababu. Ndani ya maziwa ya mama mna sukari za aina fulani ambazo mtoto hazimeng'enyi kamwe. Zimewekwa ziwalishe vijidudu vizuri vya utumboni. Vijidudu vikila hutoa gesi. Subhanallah, yaani mama analisha wawili. Pweza hana habari na hili. Gesi ya mama hubaki kwenye matumbo ya mama, maziwa hutengenezwa kutokana na damu.

Kufunga choo kwenyewe, kule tunakokuogopa, hakuhesabiwi kwa siku. Kunatazamwa kwa ugumu: vidonge vikavu kama vya mbuzi, mtoto akilia kinapopita, pengine na damu juu yake. Kwa mtoto wa ziwa tupu ni nadra kabisa.

Lakini msinishike vibaya. Nasema haya kwa mtoto wa wiki sita kwenda juu anayenyonya ziwa peke yake na anayeongezeka. Ungeniandikia ana siku kumi na hajapata choo siku mbili, ningekwambia njoo naye kesho asubuhi tumtazame anavyoshika ziwa, kwani wiki za mwanzo choo kichache mara nyingi maana yake ni maziwa machache. Tunataka mara tatu, nne kwa siku wakati ule. Na mtoto wa maziwa ya kopo ni hesabu nyengine: choo chake ni kizito zaidi, cha rangi ya kahawia iliyopauka, na akifunga siku kadhaa akawa anakitoa kigumu, kwanza tunaangalia kama maziwa yanapimwa kwa kijiko chake na maji ya kutosha.

Sanamaki imwageni. Hiyo ni dawa ya kweli, si majani ya mchezo, inaukamua utumbo. Mtu mzima akinywa anajua habari yake. Mwili wa kilo nne na nusu ukiharishwa maji na chumvi zinamwisha kabla hamjapata gari ya kuja hospitali. Mvuje, ule utomvu wenye harufu kali, mkiufunga kwenye kitambaa mkamvisha, sina neno, mdomoni usiingie.

Na asali, kwa kuwa najua itafuata. Chini ya mwaka mmoja haingii kinywani, hata ya kupaka ulimini. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo sisi tunazimeza zikapita, lakini kwenye utumbo wa kichanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Na dalili yake ya mwanzo, sikiliza, mara nyingi ni kufunga choo. Kisha kunyonya kunakuwa dhaifu, sauti ya kilio inafifia, shingo inalegea. Ndiyo maana nimekuuliza ananyonyaje. Kama mlimfanyia tahniki, ile ya kumlambisha kichanga kitu kitamu, kwa tende, hiyo ndiyo sunna yenyewe. Mlitia asali? Nijibu kweli, hakuna wa kukulaumu.

Mama mkwe asiambiwe amekosea mbele ya bintiye. Zama zetu watoto walipewa maji ya sukari wiki ya kwanza na uji mwezi wa pili, na walikuwa wakifunga choo kwelikweli, kigumu. Yeye anapigana na ugonjwa aliouona kwa macho yake. Mtoto huyu hana chanzo cha ugonjwa ule.

Usiku huu mpeni mikono, mikono ya bibi ndiyo yenye uzoefu. Maji ya vuguvugu, kisha mafuta kidogo ya nazi kiganjani. Aanzie chini upande wa kulia wa mtoto, apande, avuke juu ya kitovu, ashuke upande wake wa kushoto. Ndivyo utumbo mpana ulivyolala. Taratibu, mzigo wa kiganja tu. Kisha amkunje magoti yaje tumboni, ahesabu mpaka kumi, aachie. Wewe unaweza kumpakata mgongo wake kifuani mwako, umshike mapaja achutame hewani. Wengine hufungua hapohapo.

Sasa yanayokutoa nyumbani saa yoyote, hata saa nane ya usiku: matapishi ya kijani kibichi, tumbo lililowamba, choo cha damu na makamasi, kilio cha ghafla kinachokuja na kuondoka kwa vipindi, na baina yake mtoto amelegea, homa ya nyuzi 38 na kuendelea, kukataa ziwa, utosi kubonyea au winda kukaa kavu saa nyingi. Moja tu katika hayo inatosha.

Mama Twahir (Fuoni, Unguja)

Bi Mkunga Mungu akuhifadhi. Naomba niongeze rangi, kwa sababu rangi ndiyo iliyotupata sisi.

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa akipata choo vizuri, kila siku, laini, hana kilio. Kila mtu anasema mashallah. Ila kilikuwa kinapauka. Mwanzo manjano hafifu, kisha kama maziwa yaliyokatika, kisha kama chokaa iliyorowekwa. Na macho yake yalikuwa na umanjano tangu siku ya nne. Tulimpeleka mahali, sitapataja, tukaambiwa umanjano ni wa kawaida kwa vichanga, tumwanike jua la asubuhi. Tukamwanika. Wiki ya tatu tukamwanika, wiki ya tano tukamwanika. Mdogo wangu akiwaonyesha winda wanatazama kadi. Hakuna aliyeuliza kuhusu choo kwa kuwa kilikuwa kinatoka.

Tulipofika Dar kwa daktari wa watoto alifungua winda kabla hajatusalimia vizuri. Akatwambia nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Choo kikiwa cheupe maana yake nyongo haifiki kwenye matumbo, mirija yake imeziba, na inaliharibu ini. Kuna upasuaji, na hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla ya miezi miwili. Yeye alikuwa ameshapita miezi mitatu. Kafanyiwa, yupo, lakini ini lake limeumia na kliniki haituachi mpaka leo.

Kwa hiyo kaka, siku zisikutishe sana, lakini hilo daftari usiache kuandika rangi. Manjano, kijani, kahawia, vyote wanasema sawa. Cheupe au kijivu cha udongo wa mfinyanzi, na umanjano wa macho uliopita wiki mbili, msikubali kuambiwa jua. Litieni winda kwenye mfuko mkalifungue juu ya meza ya daktari.

Babake Sumayya (Wete)

Nimesoma yote kwa sauti, mama mkwe amekaa kitako anasikiliza. Hakusema kitu mpaka nilipofika kwa mtoto wa ndugu yake Mama Twahir, akasema "maskini mama yake."

Bi Mkunga, majibu ni haya. Tumbo laini, nimebonyeza mimi na kabonyeza mama mkwe. Mkojo tangu alfajiri mawinda saba. Anacheua kidogo akishiba, cheupe, kijani hatujaona. Ananyonya kwa nguvu mpaka mama yake anakunja uso. Choo cha Jumatatu kilikuwa manjano, laini, nimeandika "bizari". Tahniki alifanya babu yake kwa tende, asali haikuwepo.

Sanamaki imemwagwa, kaimwaga yeye mwenyewe. Anauliza moja: hiyo harufu mbaya ya upepo si ishara kwamba kuna kilichooza?

Bi Mkunga (Mkoani)

Mpe salamu zangu, umwambie shikamoo ya mkunga kwa aliyezaa saba. Harufu ni ya kile kidogo kilichokaa siku nyingi, vijidudu vinakifanyia kazi. Hakirudi kwenye damu kikawa sumu. Siku kitakapotoka kitanuka kuliko alivyozoea, asishtuke, na kinaweza kuwa kingi na hata cha kijani.

Kwa majibu haya usiku huu kaeni nyumbani. Lakini Jumanne mpitisheni kituo hata akiwa anacheka, wamshike tumbo na wampime uzito. Nimesoma maneno tu, mtoto anataka macho na mikono.

Na mkeo? Amekula nini leo? Amelala saa ngapi? Daftari lako halina mstari wake.

Babake Sumayya (Wete)

Ndugu zangu, leo Jumanne. Nimechelewa kurudi kwa sababu ya kazi.

Jana hakupata, sifuri ya saba, mama mkwe kamsugua tumbo asubuhi na jioni kama mlivyoeleza na kilio cha magharibi kilikuwa kifupi. Leo saa 10 na dakika 20 alfajiri mama yake alikuwa anamnyonyesha kitandani, nikasikia kishindo, kisha kimya, kisha mke wangu akaniita. Nilifikiri kuna baya. Kilijaza winda, kikapanda mgongoni mpaka kwenye shingo ya fulana. Mama mkwe kaingia na taa ya simu, hakutaka nimwambie, alitaka kuona. Akalikunjua winda chini ya mwanga, akaligeuza, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole akakisugua kwa kidole gumba. "Laini," akasema. "Hakina hata chembe ngumu." Manjano yaliyoingia kijani kidogo. Harufu kama Bi Mkunga alivyosema.

Kituoni wamemshika tumbo, wamemtazama macho, uzito kilo 4.7. Muuguzi kaomba kuliona daftari akawaonyesha wenzake.

Mama Twahir, tumemwombea mwanenu baada ya alfajiri, na mama mkwe anauliza anaitwa nani ili amtaje kwa jina. Kama hupendi kuliweka hapa, basi tutamwombea hivyohivyo.

Bi Mkunga, mstari wa mke wangu nimeupiga. Jumapili alilala muda wa saa tatu kwa vipande. Leo kala wali na mchuzi wa changu, kamaliza sahani, na tangu saa 3 asubuhi amelala mlango umefungwa. Mtoto yuko barazani kifuani kwa bibi yake.

Ummu Ahlam (Chake Chake)

Alhamdulillahi. Lile winda lifueni kwa maji baridi kwanza kabla ya sabuni, ya moto yanayashikisha hayo manjano kwenye nguo.

Bi Mkunga (Mkoani)

Alhamdulillahi. Kisha lianikeni juani bado bichi, manjano yanayobaki jua linayala. Mke umuache alale mpaka aamke mwenyewe. Akifika miezi sita kabla hamjaanza uji unitafute, maana hapo choo kitabadilika rangi, harufu na ugumu kwa mara moja, na mtaanza kuona vitu msivyovitegemea: nyuzi nyeusi za ndizi, ganda la dengu zima kama lilivyoingia. Tutavipitia kimoja kimoja.